Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga: Saa ya kasi haitoshi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa sababu ya nyigu.

Asubuhi moja ya kiangazi, miaka mingi imepita, niliruka kutoka Arusha na wageni wawili katika Cessna 172. Walitaka kuona tembo kutoka juu. Tulipowakuta kando ya korongo, yule mama aliyekaa nyuma aliomba tuzunguke mara moja zaidi apige picha. Nikailaza ndege, macho yangu nayo yakabaki kwa tembo. Tukaanza kushuka, nikavuta usukani. Mzunguko wa tatu nikavuta tena. Mkia ukatetemeka, kisha bawa la kushoto likatutoka kama ngazi iliyokatika. Nikasukuma usukani mbele, nikaongeza nguvu ya injini, na ndege ikashika hewa ikiwa imebaki na kama futi 200 kufika kwenye miiba. Honi ya tahadhari haikulia hata kidogo. Tulipotua nilikagua tundu lake, lililo kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Lilikuwa limezibwa kwa udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba.

Kosa lilikuwa langu. Kitabu cha ndege ile kinaelekeza kwamba kabla ya kuruka rubani aweke kitambaa safi juu ya tundu hilo na kufyonza hewa. Honi ikilia, ni nzima. Sikufyonza. Nimewaona wenzangu wengi nao wakipita, maana mtu mzima aliyevaa mabega ya dhahabu huona haya kubusu bawa mbele ya wateja.

Barua hii ni ya wazi, kwa hiyo itasomwa pia na watu ambao hawajawahi kushika usukani. Kwao niseme kidogo. Marubani huita stoli ile hali ya bawa kuacha kubeba. Injini inaweza kuwa inanguruma vizuri kabisa. Bawa hubeba kwa kuupokea upepo kwa pembe ndogo. Pembe hiyo ikikua hadi digrii 15 au 18 hivi, hewa iliyokuwa ikitambaa juu ya mgongo wa bawa hubanduka na kuvurugika, na nguvu ya kunyanyua huporomoka. Nahodha wa jahazi anaifahamu habari hii bila kuingia darasani. Akikaza demani kupita kiasi, tanga linaonekana limejaa lakini chombo kinazubaa, hata pepo zikiwa kali. Haulaumu upepo. Analegeza demani.

Sisi wa ndege ndogo tumefundishwa kuhesabu noti, yaani kipimo cha kasi ya ndege. Mwanafunzi huambiwa ndege yake inastoli kwa noti fulani, tuseme 50, naye huishika namba hiyo kama namba ya nyumba yake. Lakini ndege hiyohiyo, ikigeuka imelala digrii 45 bila kupoteza kimo, itastoli karibu na noti 60. Ikilala digrii 60, itastoli kwa noti 71. Mshale wa kasi unaweza kusimama kwenye 65, mahali alipofundishwa kuwa ni pa usalama, kumbe bawa limeshafika mwisho. Saa ya kasi haina namna ya kujua kwamba rubani amevuta usukani kwa ajili ya tembo. Pembe inajua. Mwaka 1944, huko Marekani, Wolfgang Langewiesche alichapisha kitabu Stick and Rudder, akaifanya pembe hiyo kuwa msingi wa somo lake lote. Marubani bado wanakisifu kitabu, kisha wanarudi kwenye noti.

Kwetu huku kaskazini kuna mtego mwingine. Kiwanja cha Arusha kiko zaidi ya futi 4,500 juu ya bahari. Mchana wa joto hewa ni nyepesi, na ndege inayoonyesha noti 65 inaipita ardhi kwa kasi kubwa kuliko ingekuwa Tanga au Zanzibar. Rubani aliye chini chini, akigeuka na upepo ukimsukuma kutoka nyuma, huona miti ikimpita mbio na kudhani ana kasi ya akiba. Anavuta pua juu. Ndivyo inavyotokea katika kona ya mwisho kabla ya kutua, na ndivyo inavyotokea kwa wanaohesabu wanyama. Bawa moja likitangulia kustoli, ndege huanza kuzunguka kama pia, na kutoka kimo hicho hakuna ustadi wa kuiokoa.

Nitajibiwa kwamba honi ipo. Ipo, na imeokoa watu. Lakini kwa masharti ambayo ndege nyingi hizi ziliundwa kwayo, inatakiwa kulia noti chache tu kabla ya stoli. Majaribioni, ndege hupunguzwa kasi polepole, na hapo noti hizo ni sekunde chache. Kwa mtu aliyevuta ghafla ndani ya kona, ni kufumba na kufumbua. Tena kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa darasani: honi hulia pia kila tunapotua vizuri, magurudumu yakikaribia kugusa ardhi. Sikio la rubani husikia sauti hiyo mamia ya mara ikiambatana na salama na pongezi za abiria. Mwaka 2009 ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro ilianguka Atlantiki na watu 228, baada ya sauti ya stoli kulia zaidi ya mara 70. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza mamlaka zipime suala la kuwawekea marubani kipimo cha pembe mbele ya macho yao.

Kifaa hicho kipo kwa ndege ndogo. Nitakiita kipimapembe, wanafunzi wa hisabati wanisamehe. Kinapima pembe kwa shinikizo la hewa chini ya bawa, au kwa kibati kinachofuata upepo, kisha kinawasha taa juu ya dashibodi: kijani, njano, nyekundu. Rubani anaona pembe ikikua hatua kwa hatua, badala ya kusubiri kelele ya mwisho. Mwezi Februari 2014 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilirahisisha taratibu za kukiidhinisha na kukifunga, kwa masharti kwamba kiwe nyongeza tu na kisiunganishwe na mifumo mingine ya ndege. Wachunguzi wa ajali wa huko walikuwa wamekuta kwamba kati ya 2001 na 2011 zaidi ya asilimia 40 ya ajali zilizoua katika ndege ndogo za mabawa zilitokana na rubani kupoteza udhibiti wa ndege.

Najua neno litakalofuata, kwa sababu eneo letu lililia. Machi 10, 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilianguka na watu 157. Kipimo kimoja cha pembe kilitoa taarifa za uongo, kompyuta ikakiamini na kusukuma pua chini. Ninachokiomba mimi hakishiki usukani. Kikidanganya, rubani anakipuuza na kuendelea na saa zake. Kinahitaji kusawazishwa angani na mtu anayekijua, na fundi mvivu anaweza kukiharibu. Hilo ni kweli kwa kila kifaa.

Kwa hiyo naomba Mamlaka itoe waraka unaomruhusu mwenye ndege ndogo kufungiwa kifaa hiki na mhandisi mwenye leseni, kazi iandikwe katika kumbukumbu za ndege, bila mlolongo unaofaa mtu anayebadilisha injini. Naomba pia watahini wenu waache kuridhika na stoli ya ndege iliyonyooka, ile ya polepole ambayo kila mwanafunzi ameikariri. Wamwombe mtahiniwa aeleze stoli ya kwenye kona, kisha waione pamoja wakiwa juu sana, na mshale wa kasi ukiwa pale alipodhani yuko salama. Hili halihitaji kununua chochote.

Na wakaguzi wenu watakapofika Arusha, wapite kwenye Cessna zilizoegeshwa wamwombe kila rubani ailize honi yake. Wasiokuwa na kitambaa waje kwangu. Ninacho mfukoni tangu siku ile.

Wako,
Rubani mstaafu,
Arusha.