MZAZI, NYAMAZA MTOTO APIGE MPIRA!



Ndugu zangu wazazi, nanyi wanafunzi wetu, leo tuambiane ukweli hata kama unauma. Mimi ndiye wa kwanza kuumwa nao.

Jumamosi moja baada ya darsa hapa Dzaleka, watoto walikuwa wanacheza besiboli. Msishangae. Familia nyingi za hapa zina jamaa waliohamia Marekani, na watoto wameuona mchezo huo kwenye simu. Gongo lao ni mti uliochongwa, mpira wao ni mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba. Zamu ya mwanangu ilipofika nikasimama pembeni nikaanza: "Inua mikono! Piga kwa nguvu! Unaogopa nini?" Akakosa. Nikazidisha sauti. Akakosa tena. Mara ya tatu hakuutazama mpira kabisa. Alikuwa ananitazama mimi.

Wapo watakaosema, "Ustadh, michezo ya nini?" Hao nawajibu kwa ufupi. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), na Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini Madina naye akiwatazama. Mchezo usiopoteza swala wala masomo hauna ubaya. Ugomvi wangu leo ni na mzazi anayeruhusu mchezo, kisha akaugeuza kuwa adhabu.

Na tuseme wazi kwa nini tunapiga kelele. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto kule Williamsport, Marekani. Mwaka 2022 klabu ya Los Angeles Dodgers ikawasajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Habari njema, mashallah. Lakini zikimfikia baba aliyetakiwa kurudi kambini kutoka Lilongwe mwaka 2023 na kuacha biashara yake, anaanza kuliona gongo la mwanawe kama viza. Namwelewa, wallahi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, ikakusudiwa watu 10,000 hivi, na leo tumo zaidi ya 50,000. Hata hivyo, mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba ukimbizi wa ukoo mzima kwenye fimbo yake!

Nanyi ndugu zetu wa Lilongwe, mnaowanunulia watoto gongo la kriketi la dukani, msidhani haya hayawahusu. Kelele ni zile zile.

Hebu tafakarini. Mwaka 1941 Ted Williams wa Boston alipata wastani wa 0.406, na mpaka leo anasifiwa kwa huo. Maana yake ni kwamba katika kila zamu kumi zilizohesabiwa, takriban sita alishindwa! Bingwa anakosa sita na kuvikwa taji, na mwanao akikosa moja unamwita mzembe. Tena kwa wakubwa, mpira wa kilomita 145 kwa saa husafiri mita 18 kwa muda usiofika nusu sekunde. Watoto hurushiana polepole zaidi, lakini hata wao hawana nafasi ya kusikiliza hotuba ya baba.

Sisi walimu wa madrasa tunalijua hili. Mtoto akikosea herufi ya 'ain ukamkaripia, hata alif aliyoijua jana inamkimbia. Hofu haifundishi ulimi, na haiwezi kufundisha mkono.

Basi ukitaka kumsaidia, fanya haya:

1. Mpe gongo jepesi analolimudu. Zito linamchelewesha.

2. Asimame ubavu kwa mrushaji, magoti yalegee kidogo. Anayetumia mkono wa kulia, mkono huo uwe juu ya wa kushoto.

3. Aanze na mpira uliotulia. Chomeka mti ardhini, weka kopo juu yake, mpira juu ya kopo, usawa wa kiuno.

4. Kisha mrushie taratibu kutoka chini, hatua tano tu. Neno lako liwe moja: "Tazama mpira." Liseme kabla hujarusha, si wakati mpira uko hewani.

5. Mfundishe kuzungusha kiuno kwanza, mikono ifuate. Nguvu inatoka miguuni.

6. Mapigo ishirini yanatosha. Acha akiwa bado ana hamu, na wenzake wakae mbali na gongo.

7. Akikosa, nyamaza. Akipiga, msifu kwa alichofanya: "Leo umeutazama mpaka mwisho."

Jumamosi iliyofuata nilikaa nyuma ya watoto, mdomo nimeufunga. Mwanangu alikosa mara mbili. Ya tatu akaugonga mpira hadi kamba zikafumuka na plastiki zikatawanyika uwanjani. Watoto wote wakacheka, naye akageuka kunitafuta. Safari hii alikuwa anacheka.

Wabillahi tawfiq.