Hadithi Iliyofungiwa Kabatini

Wasomaji wenzangu, wako watu ambao furaha yao ni kukusanya sinema za zamani zisizojulikana na wengi. Nami nimo katika kundi hilo, na leo nina neno nao.

Sinema moja waipendayo ni Lokis, iliyotengenezwa Poland mwaka 1970 na Janusz Majewski. Aliitoa katika hadithi ya Mfaransa Prosper Mérimée, iliyotolewa mwaka 1869. Jina lake latokana na neno la Kilithuania, maana yake dubu. Mchungaji Wittembach, mtaalamu wa lugha na mila, anasafiri kwenda Lithuania kutafuta mambo ya kale, akapokewa katika jumba la kabaila kijana, Szemiot. Watu wa huko hunong'ona kwamba mama wa kabaila alikamatwa na dubu, akapotewa na akili, na kwamba mwana aliyemzaa si wa binadamu. Yaliyotokea usiku wa arusi sitayasema, nisije nikawaharibia utamu.

Kwa nini wakusanyaji huitafuta? Wengine watajibu, kwa sababu ni adimu. Sikubaliani nao. Hata ugonjwa huweza kuwa adimu! Wema wa Lokis ni kwamba haituambii wazi kama kabaila ni mnyama kweli, au ni mtu aliyeharibiwa na maneno ya watu. Kila atazamaye lazima aamue mwenyewe.

Tena ina fundisho kwetu wakusanyaji. Mchungaji yule anakusanya habari za watu, lakini haoni kuwa hofu yao inamhusu, mpaka msiba unaingia nyumbani alimo. Ndivyo alivyo mtu anunuaye sinema akaifungia kabatini, asiitazame wala asimwonyeshe jirani.

Mwaka 2021 kampuni ya Severin Films ya Marekani ilitoa sanduku la diski lenye Lokis pamoja na sinema nyingine za kutisha zitokanazo na masimulizi ya kale ya nchi mbalimbali. Mimi nilifurahi. Mkusanyaji akisikitika kwamba siri yake imefichuka, hakuipenda sinema. Alipenda kuwa nayo peke yake.

Basi, wanafunzi, nanyi mliokwisha kumaliza, mkipata kitu cha namna hii, waiteni wenzenu, mkitazame pamoja, kisha mbishane. Hadithi za watu na wanyama zilianza vinywani mwa wengi. Si haki ziishie kabatini mwa mmoja.