AFYA YA JAMAA: Usipuuze Sikio Moja Linapofifia

Ndugu msomaji, hebu jiulize: unapoongea kwa simu, unaiweka kwenye sikio lipi? Yuko mtu ambaye, bila ya kutambua, huihamisha simu kutoka sikio moja hadi jingine kwa kuwa lile la kwanza halisikii vyema. Husema ni nta, au ni umri, au ni kelele za mashine kiwandani. Pengine ni kweli. Lakini kelele za kiwanda kwa kawaida hudhuru masikio yote mawili. Sikio moja likififia peke yake, likawa na mvumo usiokwisha, na mtu akaanza kuyumba atembeapo gizani, hana budi kuonana na daktari.

Huenda chanzo ni uvimbe uotao kwenye mshipa wa fahamu wa nane, ambao hupeleka ubongoni habari za kusikia na za mizani ya mwili. Ni ugonjwa wa nadra. Uvimbe huo si kansa, na mara nyingi hukua polepole. Ubaya wake ni mahali ulipo: huanzia katika tundu jembamba la mfupa chini ya fuvu, ambamo mshipa wa uso nao hupita. Ukikua sana huligandamiza shina la ubongo, na waweza kuua.

Mwanzoni mwa karne ya 20 upasuaji wake uliua wagonjwa wengi. Harvey Cushing wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1917, alieleza namna ya kuukwangua kwa ndani na kuliacha ganda lake; vifo vikapungua sana. Katika miaka ya 1960 William House wa Los Angeles alitumia darubini ya upasuaji, akaufikia kwa kupitia mfupa wa sikio. Hapo ikawa rahisi zaidi kuunusuru mshipa wa uso.

Hata hivyo, kila njia ina gharama yake. Kupitia sikio la ndani hupoteza kabisa usikivu wa sikio hilo. Kupitia kisogoni, au juu ya sikio, huenda kukauokoa iwapo uvimbe ungali mdogo. Mshipa wa uso ukijeruhiwa, upande mmoja hulegea na jicho hushindwa kufumba. Likiachwa likauke, laweza kupofuka. Uvimbe mdogo pengine hautolewi: huangaliwa kwa picha mara kwa mara, au huzuiwa kwa mionzi.

Kwa hiyo mgonjwa na jamaa zake wasitie saini kimya kimya. Muulizeni daktari: Uvimbe una ukubwa gani? Usikivu utabaki? Na uso je? Ni lazima kupasua sasa? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, ndugu msomaji, isikilize redio kwa sikio moja, kisha kwa la pili. Ukiona tofauti, nenda ukapimwe.