Nakala Ipo, Wachezaji Wako Wapi?

Aghalabu mwanafunzi wa fasihi anayethubutu kutaja michezo ya kompyuta mbele ya wenzake hutupiwa jicho la pembe. Ataambiwa kwamba huo ni upuuzi wa watoto na kwamba msomi wa Kiswahili ana kazi nzito zaidi ya kufanya. Mimi naona vingine. Katika makala haya ninashikilia kwamba kisa cha mchezo mmoja wa mtandaoni, uliobadilishwa kisha ukarudishiwa toleo lake la kale, kina funzo kubwa kwetu sisi ambao kila tukutanapo makongamanoni hatuishi kuililia fasihi ya jadi.

Nilizaliwa na kulelewa viungani mwa mji wa Nyeri. Mwaka wa 2010 nilikuwa darasa la saba. Nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari zilikuwa zimefika Mombasa mwaka uliotangulia, na saiba za miji yetu, kuanzia Othaya na Karatina hadi Nanyuki, zilikuwa zimeanza kupata kasi ya kuvumilika. Malipo yalikuwa shilingi moja kwa dakika. Wavulana wanne tulichanga sarafu, tukabanana kwenye benchi moja mbele ya kompyuta moja, tukacheza RuneScape kwa zamu. Mmoja alishika kipanya, wa pili alichunga saa, na wawili waliobaki walitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mhusika wetu alikuwa mmoja tu, na jina lake tulilifinyanga kwa silabi za majina yetu manne. Alikata miti, akavua samaki, akapigana na ng'ombe wa kijiji cha Lumbridge hadi tukafukuzwa kwa kuishiwa na dakika.

Mchezo huo ulifunguliwa Januari 2001 na Andrew Gower pamoja na ndugu zake huko Uingereza. Toleo lake la pili lilitoka mwaka wa 2004, nalo ndilo lililoenea duniani kote kwa kuwa halikudai kompyuta yenye nguvu wala malipo ya lazima. Kisha tarehe 20 Novemba 2012 kampuni ya Jagex, iliyoumiliki, ikabadilisha kanuni zote za kupigana. Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Niliporudi nyumbani kwa likizo ya Desemba, tulikusanyika tena wanne kwenye benchi letu. Mhusika wetu alikuwa hai, mali yake yote ilikuwapo, lakini hatukujua tena kumtumia. Palipokuwa na kubofya mara moja na kungoja huku tukipiga soga, sasa palikuwa na safu ya vitufe vya kubonyezwa kwa pupa. Mwenzetu mmoja alisema maneno ambayo sijayasahau: "Huyu si wetu tena." Tukaondoka kabla dakika zetu hazijaisha, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kumbe malalamiko hayo hayakuwa ya Nyeri pekee. Mnamo Februari 2013 kampuni ilitangaza kwamba imehifadhi nakala ya mchezo jinsi ulivyokuwa Agosti 2007, ikawauliza wachezaji kama wangependa ufufuliwe. Kura zaidi ya 440,000 zikapigwa, na tarehe 22 mwezi huohuo toleo la kale likafunguliwa upya kwa jina la Old School RuneScape. Isitoshe, ilikubaliwa kwamba kitu kipya kisiingizwe humo bila ridhaa ya asilimia 75 ya wapigakura. Kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 70 mwaka wa 2022. Leo hii toleo hilo la kale lina wachezaji wengi kuliko lile jipya lililokusudiwa kulizika.

Msomaji na atue hapa kidogo. Hamu peke yake haikurudisha chochote. Kilichorudisha ni mambo mawili: kulikuwa na nakala iliyotunzwa, na kulikuwa na watu waliokuwa tayari kucheza na kuamua. Lau moja kati ya hayo lingekosekana, tungebaki na kilio tu.

Nami ni lazima nikiri jambo linaloelekea kuidhoofisha hoja yangu. Sikupiga kura hiyo, kwani nilikuwa bwenini bila simu. Hadi Februari 2015 toleo hilo lilikuwa la wanaolipa ada ya kila mwezi, na sisi hatukuwa na njia ya kulipa. Nililifikia mwanzoni mwa 2016, baada ya mtihani wa kidato cha nne. Saiba ilikuwa imejaa watu wanaochapisha barua za kuomba kazi. Nikaketi peke yangu. Lumbridge ilikuwapo, na mto wake na ng'ombe wake, lakini mhusika wetu hakuwapo, kwa maana kila mtu alitakiwa kuanza upya. Zaidi ya hayo, huu ulikuwa ulimwengu wa 2007, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na sijawahi kugusa kipanya. Ukale uliorudishwa haukuwa ukale wangu. Na lile benchi, hakuna seva duniani iliyokuwa imelihifadhi.

Wapo watakaosema kwamba hapo basi nimejijibu: hamu ya ya kale ni hamu ya utoto, nayo haina tiba. Siwaungi mkono. Ni kweli kwamba sehemu ya hamu yangu ilikuwa ya umri na ya marafiki. Hata hivyo, kulikuwa pia na kitu cha kweli kilichopotea, nacho chaweza kutajwa kwa jina: mchezo uliomwachia mtu nafasi ya kuzungumza na mwenzake huku mkono ukifanya kazi. Anayeweza kutaja kilichopotea si mtoto anayelia, ni mhakiki.

Sisi wa Kiswahili tumekuwa na ugomvi unaofanana na huo. Kitabu cha Amri Abedi kuhusu sheria za kutunga mashairi kilitoka mwaka wa 1954. Miaka ishirini baadaye, 1974, Kezilahabi akachapisha Kichomi, na wanamapokeo wakasema kama alivyosema mwenzetu pale saiba: huyu si wetu tena. Wanamabadiliko nao wakajibu kwamba vina na mizani si roho ya ushairi, na kwamba nyimbo nyingi za Kiafrika ziliishi bila ya pingu hizo. Yaani waliuliza swali lilelile nililolikuta mbele ya kompyuta: ni ukale wa nani tunaoutaka? Ugomvi huo haukumalizwa kwa upande mmoja kuuzika mwingine. Leo tunasoma tarbia na shairi huru katika darasa moja, kama vile matoleo mawili ya mchezo yanavyoendelea kuchezwa bega kwa bega.

Lakini nina hofu kubwa zaidi ya hiyo, nayo inatoka nyumbani. Toleo la kwanza kabisa la RuneScape, lile la 2001, halikuwahi kupotea. Lilitunzwa kwa miaka mingi likiwa na wachezaji wachache mno, hadi likafungwa tarehe 6 Agosti 2018. Nakala ilikuwapo, watu hawakuwapo. Nikitazama mji wangu naona kisa hichohicho. Wagikuyu walikuwa na gicandi, shindano la mafumbo ya kishairi ambapo watambaji wawili walijibizana kwa zamu mbele ya umati, mkononi wakiwa na kibuyu chenye mbegu ndani na alama zilizochorwa nje. Padre Cagnolo wa Consolata alieleza habari zake katika kitabu The Akikuyu, kilichochapishwa papa hapa Nyeri mwaka wa 1933. Padre Merlo Pick akachapisha matini yake mwaka wa 1973. Ngũgĩ wa Thiong'o akamfanya mtambaji wa gicandi kuwa msimulizi wa riwaya yake ya 1980, ambayo sisi tunaisoma kwa jina la Shetani Msalabani. Kimani Njogu, bingwa wetu wa Kiswahili, akaitafiti kama ushairi wa majibizano. Nakala tunazo, tena nzuri. Nitajieni vijana wawili wa Nyeri, Kerugoya au Murang'a wanaoweza kusimama sokoni Jumamosi wakajibizana.

Katika lawama hii sijitoi. Marehemu nyanya yangu alikuwa na desturi ya kuita baada ya chakula cha jioni, "Gwata ndai!", nasi wajukuu tulipaswa kuitikia, "Ndagwata!", ndipo atege kitendawili chake. Katika mwaka ule wa 2010 nilikuwa nikiitikia kwa mdomo tu, akili ikiwa imebaki kwenye saiba, nikihesabu sarafu za kesho. Kulipopambazuka nilikuwa nimesahau kila alichotega. Alifariki nikiwa chuoni, mwaka uleule nilioanza kusoma somo la fasihi simulizi. Nilipopewa zoezi la kukusanya vitendawili kumi kutoka kwa mzee wa familia, niliandika vya jirani. Mchezo wa Waingereza ulikuwa umetunziwa nakala. Wa nyanya yangu haukuwa na nakala isipokuwa mimi, nami sikusikiliza.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa chama chetu ni dogo na linatekelezeka. Kwanza, kila mwanachama arudipo likizo arekodi kwa simu yake mzee mmoja akitega, akitamba au akiimba, na rekodi hizo zihifadhiwe idarani zikiwa na jina la mahali na tarehe. Pili, katika kikao chetu kijacho tuache mhadhara mmoja, tuweke watu wawili mbele ya umati wajibizane kwa mafumbo ya Kiswahili kwa mtindo wa gicandi. Kanuni zake tuzipigie kura wenyewe, na yeyote atakaye kuzibadilisha apate kwanza robo tatu ya wachezaji. Wahadhiri wetu watasema hiyo si gicandi halisi. Watakuwa wamesema kweli, na hata toleo la 2007 halikubaki la 2007. Limeongezewa mengi kwa kura na bado lingali hai.

Chambilecho wahenga, mwacha mila ni mtumwa. Nami nathubutu kuongeza kwamba anayeitunza mila kabatini pasi na kuicheza hajatofautiana sana na aliyeiacha. Kibuyu kimoja ninacho tayari, nilikinunua soko la Karatina. Natafuta mtu wa kujibizana naye.