Mvinyo Wetu Tunaunyima Hewa

Ndugu Mhariri,

Wapo wananchi ambao wakitajiwa mvinyo mwekundu wa Dodoma hucheka, wakaagiza wa kutoka nje, eti wetu ni mkali na una ukakasi. Mimi nasema mara nyingi kosa ni letu sisi tunaoumimina.

Mwaka jana shemeji yangu alitutembelea kutoka Mwanza. Nilitoa chupa ya mvinyo mkavu wa zabibu za Makutupora iliyokuwa juu ya kabati, katika joto la mchana. Nikaizibua, na papo hapo nikajaza glasi za chai mpaka pomoni. Mgeni alionja, akakunja uso, akauliza: "Shemeji, hii ni dawa?" Niliona haya sana. Mke wangu akaumimina uliobaki katika jagi la kioo, akaliweka mahali penye ubaridi, tukala chakula. Baada ya kama saa moja alimpa mgeni kidogo tena. Akauliza kama tumefungua chupa nyingine. Kumbe ilikuwa ile ile!

Ndugu wasomaji, hakuna uganga hapo. Mvinyo mwekundu ambao bado mchanga ukikutana na hewa, harufu iliyofungiwa chupani hutoka na ukali hupungua. Kuondoa kizibo tu hakutoshi, kwa kuwa shingo ya chupa ni nyembamba. Umimine katika jagi lenye mdomo mpana, usubiri nusu saa au zaidi. Ulio mtamu hauhitaji hayo, na uliozeeka sana huweza kupoteza harufu yake ukiachwa wazi muda mrefu.

Kuhusu glasi, hatuna haja ya kununua za fahari. Inatosha iwe nyepesi, yenye tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, ili harufu isipotee. Ikiwa na mguu ni bora, maana kiganja hakitaupasha mvinyo joto. Isuuzwe vizuri isinuke sabuni, na ijazwe theluthi moja tu. Hapo hata kiasi cha kunywa kinalindwa. Nyuzi 16 hadi 18 za joto zinatosha. Kwa hiyo nyakati za joto chupa ikae kwanza kwenye jokofu kama dakika 20.

Wako watakaosema haya ni mambo ya wakubwa. Sikubaliani nao. Mkulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na soko lake ni mimi na wewe. Tukiikataa jasho lake kwa funda moja la haraka, tutakuwa tumemhukumu bila kumsikiliza. Kabla ya kumhukumu, tumpe nusu saa.

Mpenda cha Kwetu,
Chang'ombe, Dodoma.