Mama Tembo wa Momella

Barazani Buzebazeba
Na Haruna Mikidadi

Usiku wa Jumamosi iliyopita, baada ya sala ya isha, nilikuwa nimeketi barazani kwangu hapa Buzebazeba, Kigoma, upepo wa ziwa ukipanda polepole kutoka upande wa Ujiji na harufu ya migebuka iliyokuwa ikikaangwa kwa mawese nyumba ya jirani imetanda uchochoro mzima, alipotoka ndani mjukuu wangu wa kike, aliye kidato cha tatu, akaiegemeza simu yake kwenye birika la kahawa, akaniambia, "Babu, hebu tazama, kuna sinema ya Kizungu ina jina la Kiswahili." Nikavaa miwani. Juu ya kioo kisichozidi upana wa kiganja nikamwona mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho makubwa na mwendo wa madaha, akiwaongoza ndama watatu wa tembo kwenda kuoga kidimbwini, nao wamemwandama kama watoto wanavyomwandama mama yao siku ya kwenda sokoni, muziki wa Henry Mancini ukiwapigia hatua.

Filamu ile ni Hatari!, na mtoto akaniuliza, "Babu, huyu mama ni nani?" Nikamtajia jina, Elsa Martinelli, kisha nikanyamaza, maana nilipotaka kuendelea nilitambua kwamba mimi, niliyeiona filamu hiyo tangu ujana wangu na kuipenda, sikupata hata siku moja kuuliza mwanamke huyo alitoka wapi, alifanya kazi gani, wala aliishia wapi. Wiki nzima nimeshughulika kuitafuta habari yake, na leo ninaileta kwa wasomaji wa safu hii, kwa kuwa naamini kwamba habari hiyo ni yetu pia, na kwamba ndani yake limo deni ambalo halijalipwa.

Elsa Martinelli alizaliwa tarehe 30 Januari 1935 katika mji wa Grosseto, jimbo la Toscana, nchini Italia, kisha akahamia Roma pamoja na jamaa zake. Na vita kuu ya pili ilipokwisha alikuwa mtoto wa miaka kumi tu, katika nchi iliyoshindwa, ambayo madaraja yake yalikuwa yamevunjwa na riziki ya watu wake ilikuwa ya kubahatisha. Hakuzaliwa katika nyumba ya fahari. Mwaka 1953, alipokuwa binti wa miaka 18 mwenye kuhudumia wateja katika baa, alionwa na Roberto Capucci, fundi mashuhuri wa mavazi pale Roma, ambaye naye wakati huo alikuwa kijana bado, akamtwaa na kumvika nguo zake ili watu wazitazame. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya namna hiyo ni kusimama na kutabasamu. Mwenye kudhani hivyo na aende kwa fundi cherehani yeyote wa pale Mwanga, amtazame bibi arusi akipimiwa gauni: anavyosimamishwa saa nzima bila kuegemea, pini zikimgusa ubavuni, akiambiwa inua mkono, shusha mkono, geuka, usipumue, kisha afikirie kuyafanya hayo kila siku, ilhali uso hauruhusiwi kuonyesha uchovu hata kidogo. Hapo ndipo msichana yule alipopata elimu yake, nami nasema kwamba utulivu ule tunaouona mbele ya kamera, ambao wengi wameuita kipaji cha kuzaliwa, ulitokana na miguu iliyouma.

Picha yake ilipochapwa juu ya jalada la gazeti, ikavuka bahari na kumfikia Kirk Douglas, mwigizaji wa Marekani aliyekuwa na kampuni yake mwenyewe ya filamu, naye akamwita. Na mwaka 1955 Elsa akaonekana katika The Indian Fighter, akiwa binti wa mkuu wa kabila la Wasioux. Ndivyo mambo yalivyokuwa katika sinema ya zama zile, kwamba Mwitaliano alichukuliwa kuwa binti wa wenyeji wa Marekani, na wenyeji wenyewe wakasimama nyuma ya farasi. Tutalirudia jambo hili hapa chini. Mwaka uliofuata alirejea kwao akafanya mengi kwa mpigo mmoja: akaigiza katika La risaia, filamu inayohusu wanawake vibarua wa mashamba ya mpunga, wale wanaoinama kutwa nzima miguu ikiwa majini, na katika Donatella ya Mario Monicelli, ambayo ilimpatia tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Berlin. Alikuwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1957 akaolewa na mtu wa ukoo wa kabaila, Franco Mancinelli Scotti, wakajaliwa binti, Cristiana, ambaye baadaye naye aliingia katika sanaa hiyo hiyo. Na kwa kuwa sheria ya Italia haikuruhusu talaka mpaka ilipofika Desemba 1970, wasomaji watafahamu mwanamke wa hadhi yake alikabiliwa na magumu gani ndoa hiyo ilipovunjika.

Sasa tufike kwetu. Mwishoni mwa mwaka 1960 mkurugenzi wa filamu Howard Hawks, mzee mwenye kujua kazi yake, alikuja Tanganyika na jeshi zima la watu na magari, wakapiga kambi Momella chini ya Mlima Meru, akiwamo John Wayne kutoka Marekani, Hardy Krüger kutoka Ujerumani, Gérard Blain na Michèle Girardon kutoka Ufaransa, na huyu Elsa wetu. Hadithi yenyewe ni nyepesi: kundi la watu wanakamata wanyama hai kwa ajili ya bustani za wanyama za ng'ambo, na mpiga picha anatumwa kutoka Ulaya, ambaye kwa jina lililoandikwa katika barua wote walidhani ni mwanamume, kumbe ni mwanamke. Lakini kazi haikuwa nyepesi. Waigizaji wenyewe ndio waliopanda magari ya kukamatia, wakafukuza twiga na pundamilia na vifaru wa kweli katika mbuga zenye mashimo, na Hawks, kwa kuwa mnyama hapokei amri, alipiga kwanza picha za mapigano ya porini na maneno ya wahusika yakaja kutungwa baadaye kwa kufuata yale yaliyotokea. Mtazame Elsa katika mbio za kwanza, anavyorushwa huku na huko nyuma ya gari mpaka vumbi limemgeuza rangi. Mtazame tena anapokuwa bafuni na duma anaingia taratibu, akamlamba mguu. Na wale ndama wa tembo, ambao ndio waliompa sifa kubwa kuliko zote, hawajui mkurugenzi wala mshahara. Ndama wa tembo humfuata yule aliyemlisha, akamwogesha na akasikia sauti yake asubuhi na jioni, mpaka akamzoea. Mwenye kufuga hata mbuzi mmoja anajua kwamba mazoea ya namna ile hayapatikani kwa siku moja.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1962. Ilipigwa wakati bendera ya Uingereza ingali ikipepea juu ya boma la Arusha, ikaonyeshwa duniani wakati Tanganyika imekwisha kupata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, na juu ya mabango yake, kwa herufi kubwa, lilikuwamo neno letu, hilo tulilolipokea kwa Waarabu tukalitia irabu yake ya mwisho na kulifanya la nyumbani. Watu wa Paris na Tokyo na Chicago, ambao hawakuwahi kusikia Kiswahili, walilitamka neno hatari walipokuwa wakikata tikiti. Sijui neno jingine la lugha yetu lililosafiri masafa hayo kwa kipindi kifupi hivyo, na uso uliolisindikiza ulikuwa uso wa binti yule aliyekuwa akibeba vinywaji katika baa ya Roma.

Walakini katika filamu hiyo kuna sherehe moja ambayo kila nikiitazama moyo wangu hugawanyika. Warusha, kwa hadithi ilivyo, wanamkubali yule mwanamke kuwa wao, wanampaka rangi usoni, wanamwimbia na kumchezea, kisha wanampa jina: Mama Tembo. Ni jina zuri, limetolewa kwa heshima, nalo ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watazamaji. Lakini hao waliompa jina, wao majina yao ni nani? Nani walioshika kamba shingo ya kifaru ilipokuwa ikitikisa gari? Nani aliyekesha na ndama wale wa tembo walipokuwa wakilia usiku? Wayne tunamjua, Krüger tunamjua, hata tunajua kwamba Krüger aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba pale na kuishi miaka mingi baada ya filamu kwisha. Wazee wetu waliosimama bega kwa bega nao, katika vumbi lile lile, hawatajwi na yeyote anayeisimulia filamu ile, nao walikuwa watu wazima wenye ujuzi, wala hawakuwa mapambo ya mandhari kama mlima na miti.

Huku Kigoma jambo hili tunalijua vizuri. Meli yetu Liemba, iliyoteremshwa majini hapa mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ndiyo iliyompa C. S. Forester kisa cha riwaya ya The African Queen, na riwaya ilipogeuzwa filamu mwaka 1951, Katharine Hepburn na Humphrey Bogart walipelekwa Kongo na Uganda, ziwa letu likabaki katika hadithi tu. Lakini tunao pia mfano wa namna nyingine. Mwaka ule ule wa 1960, miezi michache tu kabla Elsa hajafika Momella, mwanamke mwingine wa Ulaya mwenye takriban umri wake, Jane Goodall, alishuka Kigoma pamoja na mama yake, mji ukiwa umefurika Wabelgiji waliokimbia Kongo, wakasaidia kuwaandalia wakimbizi mikate yenye nyama ya kopo, kisha tarehe 14 Julai wakaenda Gombe kwa mashua. Huyo naye alikaa na wanyama mpaka wakamzoea, naye pia alipigwa filamu: ile ya mwaka 1965 ilisimuliwa kwa sauti ya Orson Welles, mtu yule yule ambaye mwaka 1962 alimwongoza Elsa Martinelli katika The Trial. Amma tofauti ni hii, kwamba Goodall alipoandika vitabu vyake aliwataja watu wetu kwa majina. Tunamjua Rashidi Kikwale aliyempandisha milimani siku za mwanzo, tunamjua Hilali Matama aliyewafuata sokwe kwa miaka na miaka, na watoto wao wanaweza kufungua kitabu wakaweka kidole juu ya jina la mzazi wao.

Simlaumu Elsa kwa hayo. Yeye aliajiriwa kama walivyoajiriwa wengine, akaifanya kazi yake kwa bidii, na baada ya Momella akaendelea: The V.I.P.s mwaka 1963 pamoja na Elizabeth Taylor na Richard Burton, The 10th Victim mwaka 1965 pamoja na Marcello Mastroianni. Kisha miaka ikapita, ladha ya watazamaji ikageuka, na nafasi zikapungua kama zinavyowapungukia wanawake wa kazi hiyo mapema kuliko wanaume. Wayne alikuwa amevuka miaka 50 alipokuwa mpenzi wake katika Hatari!, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka 1968 Elsa aliolewa mara ya pili, na mume wake huyo, Willy Rizzo, alikuwa mpiga picha, kazi ile ile aliyoiigiza Elsa alipokuwa kwetu. Elsa alifariki Roma tarehe 8 Julai 2017, akiwa na umri wa miaka 82.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mjukuu wangu, naye akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tena, akiwa ameisimamisha picha pale penye ile sherehe na kidole chake kikiwa juu ya mzee mmoja aliyevaa shuka, mwenye kucheka: "Na huyu, Babu, ni nani?"

Basi ninawaomba wasomaji, hususan walioko Arusha na Meru, na wale waliohamia huku Kigoma kwa kazi za reli na za serikali: mwenye baba, babu au mjomba aliyefanya kazi katika filamu ya Hatari!, awe alishika kamba, aliendesha gari, aliwapikia wageni, aliwalisha ndama wa tembo au alicheza ngoma siku ya kumpa jina Mama Tembo, aniletee jina lake kamili, kijiji chake na kazi aliyoifanya. Nitayachapa katika safu hii, moja baada ya moja, kwa herufi zile zile nilizoandikia leo jina la Elsa Martinelli.