Rejista ya Wadhamini Walioenguliwa Iwe Wazi
Robert Maxwell alipofariki Novemba 1991, ilibainika kwamba zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimechotwa katika mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake. Bunge la Uingereza likatunga Sheria ya Pensheni ya 1995. Kifungu cha 30 kiliiruhusu mamlaka ya usimamizi kuweka rejista ya wadhamini iliowaengua, ila mwulizaji alipaswa kutaja jina la mtu na la mfuko, ndipo ajibiwe kama yumo. Yaani mwanachama amshuku mtu kwanza, kisha athibitishiwe! Kwangu mimi, huko ni kuficha kwa adabu. Orodha nzima ibandikwe hadharani, pamoja na tarehe za kuzaliwa, asije akachafuliwa asiyehusika kwa kufanana majina tu.